Wasomeni Wangali Hai

Mzee Paulo amefungwa Roma. Kesi yake imesikilizwa mara ya kwanza na hakuna hata mmoja aliyesimama upande wake. Dema amemkimbia, Tito kaenda Dalmatia. Aliyebaki naye ni Luka peke yake. Baridi inakaribia. Katika hali hiyo anamwandikia Timotheo, mwanawe katika imani, na kabla ya kuufunga waraka anaomba aletewe vitu vyake vilivyobaki Troa nyumbani kwa Karpo: joho lake, na vitabu, hasa vile vilivyoandikwa juu ya ngozi.

Fungueni Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya nne, mstari wa 13, mkajisomee wenyewe. Mistari ya jirani tunaijua kwa moyo, ile ya vita na mwendo na taji, kwa sababu inasomwa kwenye mazishi. Huu wa vitabu tunaupita bila kusimama.

Simameni hapo leo, ndugu zangu. Mzee anayejua kwamba upanga unamngoja anataka kusoma. Hana mtihani mbele yake. Hana cheti anachokitafuta wala cheo atakachopandishwa. Mwili wake unataka joho kwa sababu ya baridi, nafsi yake inataka vitabu, na haja hizo mbili ameziweka pamoja bila kuona haya. Mtume aliyepewa mafunuo hakusema kwamba yanamtosha aliyokwisha kuyajua. Na ndugu zetu Waislamu mnaosoma kurasa hizi mnajua kuliko sisi kwamba amri ya kwanza iliyomfikia Mtume wenu katika pango la Hira ilikuwa amri ya kusoma. Hapa hakuna wa kujitetea, awe wa kanisani au wa msikitini.

Sisi tumeifanyia nini amri hiyo? Tumewatupia watoto. Kusoma tumekufanya kazi ya kidato cha nne, mzigo wa kubeba mpaka siku ya mtihani wa mwisho, kisha unatuliwa na haubebwi tena. Siku ile madaftari yanachanwa kwa shangwe, riwaya zinauzwa kwa kilo, na baada ya wiki mbili unanunua karanga zimefungwa katika ukurasa wa Kusadikika. Mwulize kijana aliyetoka shuleni mwaka jana nani aliandika Kuli. Atakujibu bila kusita, kwa kuwa alikariri. Mwulize huyo Adam Shafi ni mtu gani, ameishi wapi, ameona nini, kwa nini aliandika habari za wabeba mizigo na asiandike za masultani. Atakutazama tu. Hayo hayakutoka kwenye mtihani.

Hilo ndilo linaloniuma na ndilo lililonishikisha kalamu. Vitabu vya Kiswahili tulivyovifunga tulipotoka shuleni, kila kimoja kina mtu aliyekigharimia. Mmoja alitoa usingizi wake, mwingine uhuru wake, na yupo aliyetoa miaka 35 ya kungoja. Nimekuja kuwatambulisha kwenu watu hao, na nikishawatambulisha hamtakuwa na udhuru.

Anzeni na mfungwa mwenzake Paulo. Mwaka 1968 Kenya ilikuwa na miaka mitano tu ya uhuru. Kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, umri wake miaka 22, aliandika kijikaratasi kilichouliza nchi inakwenda wapi. Alikamatwa, akahukumiwa, akakaa gerezani miaka mitatu, sehemu kubwa ya muda huo akiwa ametengwa na wenzake. Karatasi za kuandikia hakupewa. Akaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, nazo zikatoroshwa nje ya kuta za gereza la Kamiti. Alipotoka, mashairi yale yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata kitabu kikapewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Fikirini uzito wa jambo hilo. Serikali ilimfunga mtu, na mistari yake ikarudi kusimama mbele ya wakubwa wakiwa wamevaa suti.

Katika diwani ile mna shairi la majibizano kati ya watu wawili wanaogombea mnazi. Hoja inapigwa, hoja inajibiwa, kila mmoja anajiona mwenye haki. Ninyi mnaokwenda mahakama ya mwanzo kila mwezi kwa kesi ya shamba la urithi na ndugu yenu wa damu, lisomeni shairi hilo kabla ya tarehe inayofuata. Lisomeni kwa sauti, wewe upande mmoja na mkeo upande wa pili. Kiswahili chake ni cha Mvita, na mtu wa bara atakwama hapa na pale. Kwama, uliza, kisha endelea. Mtu aliandika mistari ile akisikiliza nyayo za askari mlangoni; wewe utashindwaje kuisoma ukiwa umekaa kwenye kochi?

Shaaban Robert mnamjua kwa jina kwa sababu kuna barabara na shule zinazoitwa jina lake. Mtu mwenyewe hamumjui. Alizaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, akawa karani: kwanza forodhani Pangani, baadaye katika ofisi nyingine za serikali ya Mwingereza. Mchana alijaza hati za wakubwa. Kalamu aliyoitumia kwa nafsi yake alikuwa akiishika baada ya kazi. Na karani huyo, mtumishi wa serikali ya kikoloni, mwaka 1951 alitoa Kusadikika, kisa cha nchi ambayo kufundisha elimu ya sheria ni kosa la jinai. Mshitakiwa, Karama, anajitetea siku baada ya siku kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa nje kuitafutia nchi heri, na waliporudi na heri hiyo wakalipwa kifungo. Mlikisoma mkiwa na miaka 16 mkiwinda tamathali za semi. Kisomeni sasa mkiwa watu wazima, mmekwisha kuona mtumishi mwaminifu anavyohamishwa wilaya kwa sababu ya kusema kweli. Kitawachoma mahali ambapo mwaka ule hamkuwa na nyama ya kuchomwa.

Na Shaaban huyo alijua kuinua wengine. Aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyezaliwa katika ufukara na ufinyanzi, akapanda kwa sauti yake mpaka mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Angalieni alichokifanya karani wa Tanga. Wakati ambao wasifu ulikuwa wa magavana na majemadari, alichukua maisha ya mwimbaji maskini, mwanamke, mtu wa watu, akayaandika kwa heshima ileile. Kitabu ni chembamba. Binti yako anaweza kukimaliza Jumamosi moja, na akikimaliza atajua kwamba mtu aliyetoka alikotoka yeye anastahili kuandikwa.

Kina mama, nanyi mna yenu hapa, na si mapya. Kama mwaka 1858, katika mwambao wa kaskazini wa Kenya ya leo, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa mtawala wa Siyu, alikuwa mgonjwa na akihisi kwamba hataishi sana. Alikuwa na binti, Mwana Hashima. Akamtungia utenzi wa kumuusia: dini, adabu, na namna ya kuishi na mume. Huyo ni mama aliyelala kitandani, anajua atamwacha mwanawe peke yake duniani, na kitu alicho nacho cha kumwachia ni mistari. Yale anayoyausia kuhusu kumtii mume yanawakera dada zetu wengi wa leo, nami ninawaelewa. Kerekeni mkiwa mmeusoma. Kaeni nao mezani, mama na binti, mbishane naye ubeti kwa ubeti. Yeye aliandika ili mwanawe asikie, na binti anayebishana anasikia kuliko yule anayesinzia.

Kisha wekeni karibu yake Nguzo Mama ya Penina Muhando, tamthilia ya mwaka 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo, na kila wakijaribu inawashinda. Wanavutana wenyewe kwa wenyewe, na wanaume wanapita na mambo yao. Ninaitaja kwa sababu ninavijua vikundi vyetu. Ninavijua vikoba vyetu, vikao vyetu vya akina mama vya Alhamisi, na jinsi jambo jema linavyoanguka kwa neno moja la kijicho. Igizeni mchezo huo! Hauhitaji jukwaa la taifa. Unahitaji ua, watu kumi wenye sauti, na viti vya kuazima. Mwandishi wake alizaliwa Berega, Kilosa, akawa profesa wa sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu Hatia ya mwaka 1972 ameandika kwa ajili ya midomo ya watu. Tamthilia inayosomwa kimyakimya darasani imefanyiwa nusu ya haki yake.

Sasa huyo Adam Shafi niliyemtaja. Ni Mzanzibari wa kizazi kilichouona ukoloni, mapinduzi na yaliyofuata. Katika Kuli aliwachukua wabeba mizigo wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, akawapa majina, njaa, mama wanaowalilia na hasira yenye akili. Rais Karume alipouawa Aprili 1972, watu wengi walikamatwa, na Adam Shafi alikuwa mmoja wao. Yaliyotokea kwenye vyumba vile vya mahabusi aliyabeba kifuani miaka mingi. Riwaya ya Haini ilitoka mwaka 2003. Zaidi ya miaka 30! Kuna mambo mtu hawezi kuyasema mpaka yamemaliza kumuumiza, na kuna mambo nchi haiwezi kuyasikia mpaka kizazi kingine kimezaliwa. Haini inasomeka kwa shida, si kwa lugha yake, lugha ni nyepesi, ni kwa yale yaliyomo. Msiisome usiku. Lakini isomeni, maana nchi isiyotaka kujua kilichotendwa kwenye mahabusi yake itakitenda tena.

Vijana wengi wameiona filamu ya Vuta N'kuvute aliyoitengeneza Amil Shivji mwaka 2021 kutokana na riwaya nyingine ya Adam Shafi, nami nimefurahi kwamba wameiona. Ila Yasmini wa kitabuni, msichana aliyeozwa kwa mzee Raza akakimbia, ana kurasa nyingi zaidi za kuogopa na kuamua na kukosea. Mwendeeni huko.

Mtaniuliza: mhubiri, vyote ni vya mateso? Hapana. Mungu aliyeumba kicheko hakukasirishwa na riwaya ya upelelezi. Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari mwandishi wa magazeti, alishinda mashindano ya hadithi ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960, na humo akamtuma duniani Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum. Someni kwa kufurahi tu. Anayesoma kwa furaha leo kesho atafungua kitabu kigumu bila kusukumwa. Wala msimsahau Ken Walibora wa Kenya, aliyetupa Siku Njema mwaka 1996, yatima Kongowea anayetoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake asiyemjua. Nina hakika wako watu wazima, wenye watoto sasa, ambao wakisikia jina hilo la Kongowea wanaona njia nzima ile tena. Walibora alikutwa na mauti Nairobi, Aprili 2020. Na tulipompata Abdulrazak Gurnah mwenye Tuzo ya Nobel mwaka 2021 tulishangilia kwamba ni mwana wa Unguja. Anaandika kwa Kiingereza, lakini tangu mwaka 2022 riwaya yake moja tunayo kwa lugha yetu, Peponi, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Shangwe tulikwisha kuitoa. Kitabu tukinunue.

Niruhusuni sasa nikae mahali pamoja, kwa kuwa hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Ndani ya Ziwa Viktoria kuna kisiwa cha Ukerewe. Watu wake wanavua, wanalima mihogo na michungwa, na ukitaka kufika unapanda kivuko. Kisiwa hicho kimetoa waandishi watatu ambao taifa kubwa lingejivunia kuwa na mmoja wao: Aniceti Kitereza, Gabriel Ruhumbika na Euphrase Kezilahabi.

Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944 na akapita seminari ya Nyegezi kabla ya Chuo Kikuu. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971 akiwa kijana, na ilipigwa marufuku mashuleni. Wakubwa walisema inaharibu maadili. Leo wanafunzi wanaisoma darasani. Mimi naisema hapa, kwenye mahubiri, kwa kujua ninalolisema: kila mzazi Mkristo mwenye binti na aisome Rosa Mistika. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi aliyemlinda binti yake kwa fimbo. Barua moja ya mvulana, akampiga vibaya sana. Alidhani analinda usafi wa mtoto, kumbe alikuwa anamnyima maarifa ya kujilinda mwenyewe. Binti alipofika mbali na macho ya baba hakuwa na kitu cha kumsaidia, na watu wazima wenye vyeo walikuwa wanamngoja. Mwisho wake ni mchungu, na mwandishi anaifikisha kesi mbele ya Mungu mwenyewe ili ijulikane nani mwenye hatia. Wababa, tusikimbie hukumu hiyo. Tumepiga kelele nyingi kwenye mimbari juu ya sketi za mabinti. Kijana wa Nyegezi aliuliza wababa walikuwa wapi, na sisi tukamfungia kitabu.

Baadaye aliandika mashairi yasiyo na vina, Kichomi, mwaka 1974, na washairi wa jadi wakamjia juu. Akaandika Nagona na Mzingile, vitabu vifupi vigumu vinavyokuacha umesimama gizani na swali mkononi. Alifundisha Dar es Salaam, akamalizia kazi yake ya ualimu Botswana, akafariki Januari 2020. Mwaka huohuo mmoja tulimzika yeye na tukamzika Walibora. Simu zetu zilijaa picha zao na maneno ya kuwasifu. Wangapi kati ya sisi tuliorusha picha zile tulikuwa tumefungua kitabu chochote cha mmoja wa hao wawili katika miaka kumi iliyotangulia?

Lakini kabla ya Kezilahabi kulikuwa na Kitereza. Sikilizeni habari za mzee huyu.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Wamisionari walimsomesha, akafika seminari ya Rubya, akajua Kilatini na lugha nyingine za kigeni. Akarudi kisiwani kwake. Aliona kwamba vijana wanasahau namna wazee walivyoishi, akaamua kuyaandika yote, na kuyaandika kwa Kikerewe, lugha ya mama yake. Alichukua kisa cha mume na mke, Myombekere na Bugonoka. Hawajapata mtoto. Ndugu wa mume wanamsema vibaya mke, wazazi wake wanakuja kumchukua, na Myombekere, ambaye kila mtu anamshauri aoe mwingine, anakataa. Anakwenda kwa wakwe zake kuomba mkewe arudi. Anatozwa pombe ya ndizi, anaihangaikia, anaipeleka. Wanatafuta mganga, wanangoja, hatimaye wanampata Ntulanalwo, kisha Bulihwali. Na njiani humo Kitereza anakuonyesha pombe inavyopikwa hatua kwa hatua, samaki wanavyovuliwa, nyumba inavyoezekwa, mgeni anavyosalimiwa, mtoto anavyopokewa duniani. Hana haraka. Anaandika kama mtu anayejua kwamba asipolitaja jambo halitatajwa na mwingine.

Aliukamilisha mswada mwaka 1945.

Kisha akaanza kungoja. Wachapaji hawakutaka kitabu kinene cha lugha ya kisiwa kimoja. Miaka kumi ikapita, ishirini ikapita. Uhuru ukaja. Mzee, uzeeni na katika maradhi, akakaa chini akakitafsiri kitabu chake chote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe, ili kipate njia. Tanzania Publishing House ikakikubali, na mwaka 1980 kikatoka, mabuku mawili, kikapigwa chapa Uchina. Nakala zilikuwa njiani baharini. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla hazijamfikia. Alikuwa amengoja miaka 35, na kitabu chake hakukishika mkononi.

Ruhumbika, mwana wa kisiwa hichohicho, naye mwandishi wa Miradi Bubu ya Wazalendo, aliuchukua mswada wa Kikerewe akautafsiri kwa Kiingereza, ukachapishwa mwaka 2002. Wasomi wa Ulaya wanakisoma kwa lugha zao. Je, ndoa ngapi tumezifungisha mwaka huu? Semina ngapi za ndoa tumeziendesha kwa vitabu vya wahubiri wa ng'ambo ambao hawajui mkwe ni nini, wala mahari, wala maneno ya mawifi kwa mwanamke asiyezaa? Na hapa tunaye Myombekere, mwanaume aliyemshika mke wake asiye na mtoto, akavumilia dharau za ukoo mzima kwa ajili yake, na hakuwa amebatizwa! Wachungaji wenzangu, makatekista, wazee wa kanisa: chukueni kitabu hicho mkakifundishie.

Najua mtasema vitabu ni ghali. Ndugu zangu, kadi ya mchango wa harusi ikifika hatusemi ni ghali. Sare ya kitenge ya kipaimara tunashona. Fedha ya vocha haikosekani. Basi mwana akipata kipaimara, pamoja na saa na keki, apewe riwaya moja. Bwana na bibi harusi wapewe Myombekere na Bugonoka juu ya yale masufuria. Mtoto akihitimu madrasa, babu yake amtunze diwani. Asiye na fedha kabisa aende maktaba ya mkoa. Kadi yake haimshindi mtu anayelipia kifurushi cha mechi. Na ile tabia ya kukitoa kopi kitabu kizima, au kukirusha kwenye kundi la WhatsApp mtu asilipe chochote, tuiite kwa jina lake. Amri ya kutoiba haikuweka kando waandishi.

Someni nyumbani kwa sauti. Baada ya chakula cha jioni, kabla televisheni haijawashwa, baba asome kurasa tano, kesho yake mama, keshokutwa mtoto wa darasa la sita. Nyumba ambayo baba anasoma, hakuna haja ya kuwaambia watoto wasome. Na kila kitabu mnachokianza, dakika tano za kwanza zungumzeni habari za aliyekiandika: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, alipatwa na nini.

Na sasa neno ambalo kwa ajili yake nimewasimulia habari za Kitereza kwa urefu. Yuko mwingine. Katika parokia yenu, katika mtaa wenu, yuko mwalimu mstaafu mwenye madaftari matano chini ya kitanda. Yuko bibi anayetunga kaswida na hakuna aliyeziandika. Yuko fundi cherehani mwenye riwaya nzima aliyoiandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi za mistari, akampelekea mchapaji, hakujibiwa, akaifunga kwa kamba. Wanafamilia wanamwona anapoteza muda. Akifa, madaftari yatawashiwa jiko.

Vijana mlio na kompyuta, na ninyi mnaochapa kwa vidole gumba kwa kasi inayotushangaza wazee, wiki hii nendeni kwa mtu huyo. Mwamkieni. Mwombeni awasomee ukurasa mmoja. Mkipata ridhaa yake, gawaneni madaftari, kila mmoja achape kurasa kumi kwa wiki, mkiyarudisha kwake ayasahihishe kwa mkono wake akiwa bado na macho. Kisha pelekeni kazi hiyo kwa mchapaji. Ziko pia tuzo zinazopokea miswada ya Kiswahili: ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu hapa Tanzania, na ile ya Safal-Cornell kwa waandishi wa Kiswahili popote walipo. Akishinda au asishinde, awe amesomwa na watu anaowajua kwa majina.

Orodha ya majina ya kuanzia nayo ifunguliwe jumuiya itakapokutana. Katibu aandike jina la mzee, mahali anapokaa, idadi ya madaftari, na jina la kijana atakayekwenda kwake kabla ya mwezi kwisha.